Steringi, adui na yule wa tatu

Kwenye kibanda cha video nilichokulia, hatua chache kutoka soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, filamu yoyote ilikuwa na watu wawili tu wenye cheo. Kulikuwa na steringi, ambaye hafi hata aangukiwe na ghorofa, na kulikuwa na adui, ambaye lazima afe, tena dakika za mwisho, baada ya kipigo kirefu. Waliobaki hatukuwa na jina lao. Mzee kiwete anayejua siri ya ukoo, askari mla rushwa anayetafuna njiti ya kiberiti, mama muuza supu anayemficha steringi uvunguni: hao wote walikuwa "yule". Yule mzee. Yule wa njiti.

Cha ajabu, kesho yake shuleni hakuna aliyemwigiza steringi. Steringi hana cha kuigiza. Anatembea vizuri, anapiga vizuri, basi. Tuliigiza kuchechemea kwa yule mzee, na darasa zima lilimjua kabla hujafungua mdomo.

Huyo "yule" ana kazi inayoeleweka duniani kote, yenye namna yake ya kujifunza, ya kulipwa, ya kuzeeka na hata ya kukwama. Kwetu Nyanda za Juu Kusini ina na fundo lake la pekee, ambalo nitalifikia. Kabla ya hapo kuna mambo ambayo watu huyachanganya kila siku.

Mpita njia, msaidizi na mwigizaji wa uhusika ni vitu vitatu. Mpita njia, ambaye wengine humwita ekstra, yuko pale ili soko lionekane soko. Mwondoe, hakuna atakayeuliza kaenda wapi. Msaidizi ni nafasi ndani ya kisa: rafiki, mama mkwe, bosi, mtu ambaye hadithi inamwegemea ingawa haimhusu yeye. Mwigizaji wa uhusika ni aina ya fundi. Anaitwa kazini kwa sababu anaweza kuwa mtu mwingine kabisa, wakati steringi huitwa kwa sababu watazamaji wanataka kumwona yeye mwenyewe. Mbadilishe steringi nguo mara kumi, bado ni yule yule, na ndicho watu walicholipia kiingilio. Fundi huyu anaweza hata kupewa nafasi kuu siku moja. Mmarekani Harry Dean Stanton alifanya kazi miongo mitatu pembeni ya wenzake kabla ya kubeba filamu peke yake mwaka 1984, akiwa anakaribia miaka 60.

Kosa jingine ni kupima kazi yake kwa dakika. Mwigizaji wa Marekani, Beatrice Straight, alipata tuzo ya Oscar kwa filamu ya mwaka 1976 ambamo anaonekana kwa dakika tano na ushei. Ni mke anayeambiwa na mumewe kwamba ana mwanamke mwingine. Sini moja, na ndiyo iliyompa tuzo.

Waliosoma shule zetu wana mfano wa karibu zaidi. Katika "Kinjeketile", tamthilia ya Ebrahim Hussein juu ya nabii wa Vita vya Maji Maji, iliyochapwa mwaka 1969, kila kijana wa klabu ya maigizo anataka kuwa Kinjeketile mwenyewe, apandwe na pepo, atoke majini, watu wamlilie. Kitunda anaachiwa yeyote aliyebaki. Lakini Kitunda ndiye anayewafundisha wapiganaji, na ndiye anayebaki na nabii kifungoni mwishoni akimsihi aseme kwamba maji yale yalikuwa uongo. Mpe Kitunda mtu dhaifu uone: Kinjeketile anabaki akipiga kelele peke yake. Nimeliona igizo hilo likifa hivyo, kwenye bwalo la shule moja mkoani Iringa, na aliyekuwa Kinjeketile siku ile alikuwa hodari kweli.

Hollywood yenyewe ilichelewa kulielewa hili. Oscar zilianza kutolewa mwaka 1929, lakini tuzo za waigizaji wasaidizi ziliingizwa kwa filamu za mwaka 1936. Hata hapo steringi alipewa ile sanamu, msaidizi akapewa kibao, mpaka filamu za mwaka 1943 ndipo wakasawazishwa. Walter Brennan, fundi wa wazee wenye vituko, alichukua vibao vitatu katika miaka mitano ya kwanza, na hakuwa amefika hata miaka 50.

Sasa rudi kwetu. Kaa kijiweni pale Kabwe uulize nani anamjua Amri Athumani. Wachache watajibu. Sema King Majuto, kila mtu anacheka kabla hujamaliza. Said Ngamba ni Mzee Small. Mohamed Fungafunga ni Mzee Jengua. Small alituacha mwaka 2014, Majuto 2018, Jengua 2020, na hadi leo ni uhusika wao tunaoutaja, kana kwamba ndio uliozikwa.

Sababu ni namna tulivyoanza. Vikundi vya maigizo vya Dar es Salaam, vya jukwaani na baadaye vya runinga pale vituo binafsi vilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, vilizoea kufanya kazi bila skripti kamili. Kiongozi anaeleza sini: wewe baba, wewe mtoto, mtoto karudi saa nane usiku, haya tuanze. Maneno unayatafuta mwenyewe pale pale. Katika utaratibu huo huwezi kuwa mtu mpya kila wiki. Unamjenga mtu mmoja unayemjua mpaka usingizini, analalamikaje, anakopaje, anamnyanyasaje mkwewe, kisha unaingia naye kwenye kila kisa. Waitaliano wa karne ya 16 walifanya vivyo hivyo. Walivaa barakoa, wakazungumza papo kwa papo, na mwigizaji aliweza kuishi na mhusika mmoja maisha yake yote ya kazi. Ni ufundi mkubwa, na sipendi wanaoudharau kwa kuuita vichekesho tu.

Hasara yake inakuja siku unapotaka kutoka. Umemlea mzee mkali kwa miaka 15, sasa unaomba uwe daktari mpole. Prodyuza anakuangalia kama umetukana.

Watu wa fani husema "kuvaa uhusika", na neno hilo limetumika hadi likachakaa. Nitaeleza kwa niliyoyaona.

Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia igizo la Pasaka kwenye ushirika mmoja wa kanisa hapa mjini. Kama kawaida, aliyepewa Yesu alikuwa kijana mrefu wa kwaya, mwenye sauti. Yuda alikuwa fundi mwashi wa makamo ambaye hakuwahi kuigiza. Vipande thelathini vya fedha vilikuwa washa za chuma tulizonunua duka la vifaa vya ujenzi. Kwenye skripti iliandikwa hivi tu: Yuda anapokea fedha, anaondoka.

Yule fundi hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya madhabahu, akawapa mgongo makuhani waliomlipa, akaanza kuzihesabu akizipanga tano tano juu ya goti. Alipofika kwenye kumi na kitu washa moja ikaanguka, ikabingirika mpaka kwenye viti vya kwaya. Alisimama, akaifuata, akaipuliza vumbi, akarudi. Watu walicheka. Akakaa tena pale pale, akabomoa mafungu yote, akaanza upya: moja, mbili, tatu. Kicheko kikakatika kanisa zima.

Nilimuuliza baadaye kama alipanga. Akasema siku ya mazoezi iliponyoka kwa bahati mbaya, akaona aiache. "Mwalimu, hela ya kibarua haihesabiwi mara moja."

Kuvaa uhusika ndiko huko. Hakutafuta huzuni usoni wala hakujikunja kama msaliti wa kwenye picha za Biblia. Alichukua kitu anachokijua kila Jumamosi saa kumi jioni, akakiweka mikononi mwa mtu mwingine. Jukwaani, mikono na miguu ya mwigizaji wa namna hii husema kabla ya mdomo. Anayetaka kuwa mzee wa Tukuyu aende akawatazame wazee wa Tukuyu wakishuka mteremko wenye utelezi wakati wa mvua, na huko mvua haina likizo: fimbo inatangulia, buti la mpira linafuata kwa ubavu, na macho hayatoki chini hata salamu inapoitikiwa. Ukiigiza uzee kwa kutetemesha sauti, umeigiza mzee wa katuni.

Yule Yuda alikuja kupata siku mbili kwenye filamu ndogo iliyopigwa maeneo ya Uyole. Mwenye nyumba anayepokea kodi; tena kuhesabu hela. Alifanya kama kanisani, na mwongozaji akamsimamisha mara nne. "Punguza, mzee. Kamera iko hapa," akamwonyesha urefu wa mkono. Kanisani aliyekaa benchi la mwisho alihitaji kuona bega likizunguka. Kwenye kamera, jicho likitoka kwenye noti na kumtazama mpangaji kwa nusu sekunde, limetosha. Bega likizunguka linaonekana kama kifafa. Tena jukwaani unakianza kisa mwanzo ukakimaliza mwisho, na watazamaji wanakupa mdundo kwa kicheko chao au kwa ukimya wao. Kwenye filamu msiba unapigwa Jumatatu, harusi iliyoutangulia inapigwa Alhamisi, nawe ukumbuke kikombe ulikishika mkono upi. Aliyezoea jukwaa huona filamu ni ganzi. Aliyeanzia filamu akipandishwa jukwaani hasikiki safu ya tatu. Anayeweza vyote ni nadra, na mara nyingi ni hawa hawa wa uhusika, kwa kuwa wamezoea kubadilika.

Kuna na redio, ambayo vijana wanaisahau. Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa "Twende na Wakati", wa kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Mhusika aliyekaa vichwani mwa watu ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, aliyetungwa makusudi awe mfano mbaya. Sisi tunaoishi kando ya barabara iendayo Tunduma hatukuhitaji kuchorewa Mkwaju. Tulimjua kwa sauti tu, na malori yake tulikuwa tunayahesabu.

Pesa nitaipitia haraka, kwa sababu maelezo yake ni mafupi na machungu. Kwetu mwigizaji wa nafasi hizi hulipwa kwa siku au kwa kazi nzima, mara moja, na filamu ikirudiwa mara mia hewani mara nyingi haoni kitu tena. Marekani kuna malipo ya marudio, na kuyapigania kwenye zama za kutazama mtandaoni ni sehemu ya kilichowafanya waigizaji wa huko wagome siku 118 mwaka 2023. Waliosimama barabarani na mabango wengi hawakuwa masteringi. Ni watu wa sini mbili tatu ambao hundi ya marudio ndiyo kodi yao ya nyumba. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika uigizaji wake. Lakini haki hiyo unaweza kuitoa yote kwa saini moja, na karatasi nyingi zinazosainiwa juu ya boneti la gari asubuhi ya kupiga picha zimeandikwa hivyo. Soma, au mpe anayejua kusoma. Ukikuta neno "haki zote", uliza bei yake.

Kusoma fani nako ni safari. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni TaSUBa, kilianza mwaka 1981, na kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Huku kwetu shule ya kwanza ni kanisa, klabu ya shule na vikundi vinavyopewa kazi za kampeni za afya sokoni, ambako usipomshika muuza viazi ndani ya dakika mbili, anarudi kwenye viazi vyake. Mwaka 2021 tuzo za filamu zinazosimamiwa na Bodi ya Filamu zilifanyikia hapa hapa Mbeya. Mji ulijaa magari ya mastaa, tukapiga nao picha, kisha wakarudi Dar, ambako ndiko usaili uliko.

Na hapo ndipo kwenye lile fundo.

Ukitoka kusini kwenda Dar kutafuta nafasi, lafudhi inashuka kwenye basi kabla yako. Kinyakyusa hakina z, kwa hiyo aliyelelewa nacho anaweza kukuletea "sawadi" hata akiwa na shahada mbili. Binti mmoja wa Iringa ninayemfahamu alifika kwenye usaili, akaulizwa wa wapi, akajibu. Kabla hajafungua karatasi akaambiwa, "Safi, tuna nafasi ya dada wa kazi." Alikuwa amejiandaa kuwa wakili.

Utani huo una mzizi. Ni kweli wasichana wengi wa Iringa na Njombe wamepelekwa Dar kufanya kazi za ndani, kizazi baada ya kizazi. Ila filamu imeugeuza kuwa sare. Mwanamke wa kusini ni hausigeli. Mwanamume ni mlinzi, au mshamba aliyeshuka stendi na kuku kwapani, au tajiri wa Kikinga ambaye lazima awe na mganga nyuma ya duka. Na sare hiyo ni ya zamani kuliko Bongo Movie. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika filamu ya "Muhogo Mchungu", aliyeigiza mshamba anayeingia Dar na kulizwa na wajanja wa mjini alikuwa Rashidi Kawawa, mtu wa Songea. Miaka kumi hivi baadaye alikuwa Waziri Mkuu.

Nikifikiria sare hii namkumbuka Hattie McDaniel. Mwaka 1940 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, ya mwigizaji msaidizi, kwa kuigiza mtumishi wa ndani. Siku ya sherehe alikalishwa meza ya pembeni. Baada ya ushindi aliendelea kupewa watumishi. Alikuwa na ucheshi, alikuwa na sauti ya kuimba, alikuwa na kila kitu. Milango iliyofunguka ilikuwa ya jikoni.

Mimi sina ugomvi na nafasi ya hausigeli. Hausigeli anajua siri zote za nyumba. Kwa fundi wa uhusika hiyo ni nafasi ya dhahabu. Ugomvi wangu ni pale anapopewa lafudhi badala ya mtu. Nimesikia mhusika mmoja wa tamthilia akisalimia "kamwene", ambayo ni ya Wahehe na Wabena, kisha akashukuru "ndaga fijo", ambayo ni ya Wanyakyusa wa Rungwe, mdomo mmoja, sini moja. Dar walicheka alivyo mshamba. Huku tulicheka kwa sababu nyingine.

Pengo hilo la maarifa ndilo lingekuwa mtaji wetu. Chukua jambo dogo. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hakumtazama baba mkwe wake usoni, wala hakukaa naye sehemu moja. Akisikia anakuja, alipisha njia. Watafiti waliishi Rungwe miaka ya 1930 na kuliandika, na bibi zetu wanalikumbuka bila kuandikiwa. Sasa niliwahi kuona kikundi kutoka mjini kikiigiza kijijini huko, kisa cha zama hizo. Mkamwana akaingia na sinia, akaliweka mbele ya baba mkwe, akamtazama machoni, akamkaribisha chakula. Wazee wa safu ya mbele waliguna kwa pamoja. Kikundi kilidhani wamependa. Mwigizaji anayelijua hilo angeingia kinyumenyume, au angeliweka sinia mlangoni akakohoa, na bila neno hata moja hadhira ingejua nani ni nani, nani anamwogopa nani na nyumba ni ya nani. Hiyo ni sini ya dakika moja ambayo steringi hawezi kukupa, na hakuna skripti ya Dar itakayokuandikia.

Yule binti wa Iringa alikataa hausigeli wa pili na wa tatu, akakaa mwaka mzima bila kazi ya kamera, akiuza vitenge. Wa nne alimkubali, ila aliomba kitu kimoja. Kwenye skripti mhusika alikuwa ameandikwa HAUSIGELI, kurasa zote. Akaomba apewe jina. Mwongozaji, aliyekuwa na haraka ya mwanga kabla jua halijazama, akasema ajiite anavyotaka. Akachukua jina la bibi yake mzaa mama, la Kihehe hasa, refu, ambalo mtu wa mjini lazima ajikwae nalo.

Tamthilia ile ilipoanza kurushwa nilikaa nikaitazama. Kwenye kipande cha kwanza mama mwenye nyumba analiita lile jina mara saba, na mara zote saba analikosea. Na kila mara, bila kugeuka, huku mikono iko ndani ya karai la vyombo, yule dada anamsahihisha.